Waliodahiliwa Zaidi ya Chuo Kimoja Wapime Gharama na Mazingira Kabla ya Kuthibitisha

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inapotangaza kukamilika kwa awamu ya kwanza ya udahili wa Shahada ya Kwanza, nyumba nyingi nchini huingia katika mjadala ambao hazikuuzoea. Kijana aliyeomba vyuo vitatu amepokelewa na viwili. Jina lake limo katika orodha ya waombaji waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja, naye anatakiwa kuthibitisha nafasi moja tu kwa kutumia namba maalumu ya siri ndani ya muda uliotangazwa. Baba anataka chuo chenye jina kubwa. Mama anauliza mtoto atalala wapi. Mtoto mwenyewe amekwisha kuzungumza na wenzake aliosoma nao, nao wamemwambia waendako wao.

Utaratibu huo umetokana na mabadiliko yaliyoanza mwaka 2017, pale waombaji walipoacha kudahiliwa kupitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume na kuanza kuomba moja kwa moja vyuoni. Mwombaji mwenye sifa anaweza kuomba vyuo kadhaa, na kila chuo humpokea bila kujali wenzake wamemwamulia nini. Faida ni kwamba mwombaji amepewa uwanja mpana wa kuchagua. Ugumu wake ni kwamba uchaguzi huo sasa ni wake na wa familia yake, na muda wa kuufanya hautoshi kwa mtu anayeanza kufikiri siku ujumbe unapoingia kwenye simu.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba programu zote mbili zimeidhinishwa. Mwongozo wa Udahili unaotolewa na TCU kila mwaka huorodhesha vyuo, programu, sifa za kujiunga na muda wa masomo. Programu isiyokuwamo haina haja ya kujadiliwa, hata kama ada yake ni nafuu kiasi gani. Kwa wanaochukua stashahada na astashahada, mwenye dhamana ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), nalo lina mwongozo wake. Zipo pia fani zenye bodi za kitaaluma, mfano uhasibu, uhandisi, udaktari na sheria, ambazo mhitimu hawezi kuzikwepa. Iwapo vyuo vyote viwili vinamfikisha mwanafunzi mahali pamoja mbele ya bodi yake, hoja ya jina la chuo hupungua uzito, na yafaa familia igeukie maswali mawili yaliyobaki: itagharimu kiasi gani, na kijana ataweza kuishi pale?

Ada si gharama

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kulinganisha ada peke yake. Ada ndiyo namba iliyoandikwa wazi katika barua ya kujiunga, na ndiyo watu huisoma kwanza. Chini yake kuna orodha ya malipo madogo: usajili, kitambulisho, mitihani, mchango wa serikali ya wanafunzi, bima ya afya, na shilingi 20,000 za uhakiki wa ubora zinazopelekwa TCU. Malipo haya hayatofautiani sana kati ya chuo na chuo. Tofauti kubwa iko katika mambo yasiyoandikwa kwenye barua hiyo: kitanda, nauli na chakula.

Chukua mfano wa binti wa mkulima wa mahindi kutoka Songea aliyepata nafasi mbili za kusomea shahada ileile ya miaka mitatu. Chuo kimoja kipo Dar es Salaam, kingine Dodoma. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu, kwa ajili ya kuonesha namna ya kukokotoa. Kila familia iweke za kwake.

Chuo cha Dar es Salaam kinatoza ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Kile cha Dodoma kinatoza shilingi 1,500,000. Kwa macho ya haraka, Dar es Salaam ni nafuu kwa shilingi 200,000. Lakini hosteli za chuo cha Dar es Salaam zimejaa, na binti atalazimika kupanga mtaani. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi ndicho kilichopatikana, nacho kiko mbali, hivyo atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonesha chumba. Likizo ikifika, hawezi kukiacha chumba kwa kuwa vyombo na godoro vimo ndani, kwa hiyo analipia miezi yote kumi na miwili.

Hesabu inasimama hivi. Kodi ni shilingi 720,000. Dalali ni shilingi 60,000. Nauli ya shilingi 600 kwa safari moja, mara nne kwa siku, ni shilingi 2,400, na kwa siku 170 za masomo inafika shilingi 408,000. Ukijumlisha na ada, mwaka wa kwanza Dar es Salaam unagharimu shilingi 2,488,000 kabla ya mlo wa kwanza kuliwa. Dodoma, ambako amepata kitanda ndani ya eneo la chuo kwa shilingi 150,000 kwa mwaka na anakwenda darasani kwa miguu, jumla ni shilingi 1,650,000. Chuo kilichoonekana ghali kwa shilingi 200,000 ndicho chenye unafuu wa shilingi 838,000. Kwa miaka mitatu, hata dalali akihesabiwa mara moja tu, pengo linakaribia shilingi milioni 2.4. Kwa mkulima wa Ruvuma, hayo ni magunia mengi ya mahindi.

Namba hizo zinaweza kugeuka kabisa kwa jambo moja dogo. Tuseme binti huyo ana shangazi anayeishi Sinza, naye amesema mtoto aje akae kwake. Kodi inaondoka, dalali anaondoka, na nauli inabaki ya gari moja kwenda na moja kurudi, yaani shilingi 204,000 kwa mwaka. Jumla ya Dar es Salaam inashuka hadi shilingi 1,504,000, na sasa ndiyo nafuu kwa shilingi 146,000. Ndiyo maana haifai familia moja kuiga uamuzi wa jirani yake. Wote wawili wanaweza kuwa wamepiga hesabu sawasawa na wakafika mahali tofauti.

Upatikanaji wa malazi hutofautiana kati ya chuo na chuo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilipangwa tangu mwanzo kuwa na makazi ya wanafunzi ndani ya eneo lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1961, kilikua pamoja na jiji, na wanafunzi wake wengi wamekuwa wakiishi Changanyikeni, Makongo, Msewe, Sinza na Mabibo. Mwaka 2017 Serikali ilizindua hapo mabweni mapya yenye uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840, hatua iliyopunguza adha hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa haikuimaliza. Vyuo vingi huwapa kipaumbele wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wenye ulemavu. Swali la kuuliza, basi, si kama chuo kina hosteli. Ni kama mwanafunzi ataendelea kupata kitanda mwaka wa pili na wa tatu. Wazazi wengi hupiga hesabu ya mwaka wa kwanza, kisha hushtuka mtoto anapoambiwa awapishe wapya.

Nauli ya kutoka nyumbani nayo ihesabiwe, kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwaka kwa uchache. Msafiri wa Songea hufika Iringa, na hapo njia hugawanyika: moja kushuka Mikumi, Morogoro hadi Dar es Salaam, nyingine kupita Mtera hadi Dodoma, ambayo ni fupi. Kwa familia zilizo kando ya reli, hesabu ilibadilika mwaka 2024 baada ya treni ya kisasa ya SGR kuanza safari. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesoma Mzumbe au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anaweza kwenda nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili, jambo ambalo mwenzake wa Songea au Kigoma hawezi kulifikiria.

Mkopo unajulikana baada ya kuthibitisha

Wapo wazazi wanaosema, "Si kuna mkopo?" Upo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa mikopo kwa wahitaji wenye sifa katika vipengele vya chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada ya mafunzo, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo familia hayapaswi kuyasahau.

Kwanza ni mpangilio wa tarehe. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuthibitisha chuo kabla HESLB haijatangaza awamu ya kwanza ya waliopangiwa mikopo. Anachagua, kwa hiyo, bila kujua kama amepata, na kama amepata, ni kwa kiwango gani cha ada. Njia ya busara ni kupiga hesabu mara mbili: moja ikiwa mkopo umekuja, nyingine ikiwa haukuja kabisa. Chuo ambacho familia inaweza kukimudu katika hesabu ya kwanza tu ni cha kukifikiria mara ya pili. Asiyepangiwa awamu ya kwanza anaweza kupangiwa zinazofuata, na wapo wanaokata rufaa, lakini mlango wa kurudi kwenye chuo kile kingine utakuwa umekwisha kufungwa.

Pili, fedha za kujikimu hazijui jiji. Kiwango kinachotolewa kwa chakula na malazi ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, awe mwanafunzi yuko Dar es Salaam, Mbeya au Mwanza. Malipo huja kwa awamu, na awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Hizo ndizo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Irudie sasa hesabu ya binti wa Songea. Akiwa Dar es Salaam bila shangazi, chumba kinamla shilingi 2,000 kwa siku na nauli shilingi 2,400. Katika shilingi 10,000 zake, anabaki na shilingi 5,600 za chakula, sabuni, kunakilisha notisi na vifurushi vya intaneti. Akiwa Dodoma, kitanda kinachukua kama shilingi 600 kwa siku, na anabaki na zaidi ya shilingi 9,000. Fedha ni ileile, lakini maisha ni mawili tofauti. Tena Dar es Salaam kodi hudaiwa kwa mkupuo wa miezi sita, wakati bumu linakuja baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kusaini. Wiki za mwanzo ni za mfuko wa mzazi. Kijana asiyekuwa na akiba ya wiki hizo huanza chuo kwa kukopa, na madeni ya mwanzo wa muhula huwa na tabia ya kufuatana.

Tatu, mkopo ni deni. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni litakapokwisha. Kwa mshahara wa shilingi 700,000, makato ni shilingi 105,000 kila mwezi. Nafuu ilipatikana mwaka 2021, Serikali ilipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni liendelee kukua hata kwa mtu anayelipa. Pamoja na nafuu hiyo, aliyekopa kwa ajili ya ada ya juu atalipa kwa miaka mingi zaidi kuliko aliyekopa kwa ajili ya ada ya chini, na wote wawili wanaweza kujikuta katika ofisi moja, daraja moja la mshahara. Tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huomba shahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, na baada ya hapo ni usaili. Katika sekta binafsi jina la chuo na mtandao wa waliosoma hapo vinaweza kusaidia, na si haki kuwaambia vijana kwamba havina maana yoyote. Ila mzazi anayeuza shamba kwa ajili ya jina ajiulize kwanza jina hilo litanunua nini ambacho chuo kingine hakitanunua.

Kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi, upo pia ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Anayestahili ufadhili huo aufuatilie kabla ya kuamua, kwa kuwa hubadilisha hesabu yote.

Zipo pia fedha zinazokuja kwa msimu. Mkulima wa mahindi hupata fedha mara moja kwa mwaka baada ya mavuno. Mvuvi wa Ukerewe na mfanyabiashara wa Kariakoo wana mizunguko yao. Vyuo vingi huruhusu ada kulipwa kwa awamu kila muhula kupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, lakini masharti ya kiwango cha awamu ya kwanza hutofautiana. Chuo kinachokubali nusu ya ada mwanzoni kinaweza kuifaa familia kuliko chenye ada ndogo kinachotaka fedha zote kabla ya usajili. Ni vyema kuuliza ofisi ya mhasibu wa chuo husika, na jibu liwe la maandishi.

Kuweza kuishi pale

Hesabu za fedha zina mwisho. Swali la pili ni gumu zaidi kwa kuwa halina jumla ya chini ya mstari, na familia nyingi huliona kama anasa: mtoto amepelekwa kusoma, si kustarehe. Mtazamo huo una gharama zake. Wanafunzi huahirisha masomo au huacha chuo kwa sababu ya ada, ni kweli, lakini huacha pia kwa upweke, kwa ugonjwa uliokosa mtu wa kuujua, kwa ujauzito, kwa kushindwa kusikika katika ukumbi wenye mamia ya watu.

Rudi kwa shangazi wa Sinza. Katika hesabu, yeye aliokoa shilingi 984,000 kwa mwaka mmoja. Katika maisha, nyumba yake ina watoto watatu, wageni wanaokuja bila taarifa, na maji yanayotoka usiku. Mpwa aliyekuja kusoma ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani huosha vyombo, huwapeleka wadogo shule, hupika mlo wa jioni. Hakuna ubaya katika hayo, ndivyo watu walivyolelewa. Lakini maktaba hujaa kuanzia saa kumi na mbili jioni, makundi ya kujisomea hukutana saa mbili usiku, na yeye wakati huo yuko jikoni. Wiki za mitihani zikifika, hana wa kumwambia kwamba leo hatapika, kwa kuwa kusema hivyo ni kukosa shukrani. Wapo waliofaulu vizuri kabisa katika nyumba za namna hiyo, na shangazi akawa ndiye nguzo yao. Kinachotakiwa ni mazungumzo ya wazi kabla ya safari, kati ya watu wazima wawili: baba na dada yake wakubaliane kijana anakuja kama nani, ana saa zipi za kusoma, na chakula chake kinachangiwa namna gani. Yakiachwa hadi mwezi wa tatu, hugeuka ugomvi wa ukoo.

Ukubwa wa chuo ni jambo jingine. Chuo kikubwa kina fani nyingi, maktaba kubwa, watu wa kila mkoa, na uhuru wa kupotea ndani ya umati. Kwa kijana mwenye kujituma, hiyo ni baraka. Kwa aliyetoka shule ya bweni yenye kengele, mwalimu wa zamu na paredi ya asubuhi, uhuru huo unaweza kumlemea. Hakuna atakayemuuliza kwa nini hakuhudhuria kipindi. Chuo kidogo humfanya ajulikane kwa jina, mhadhiri akamkosa darasani na kuuliza. Pia humnyima faragha, na kozi ya hiari aliyoitamani inaweza isifundishwe mwaka huo kwa uchache wa wanafunzi. Mzazi anayemfahamu mtoto wake anajua ni yupi kati ya hao wawili aliyenaye.

Imani nayo huingia. Vyuo vya umma havina dini, ingawa vina vikundi vya wanafunzi wa imani mbalimbali. Vipo vyuo vilivyoanzishwa na taasisi za dini, mfano Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino jijini Mwanza, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira mkoani Arusha na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambavyo hupokea waombaji wa imani zote. Anayekwenda katika chuo ambacho si cha imani yake asome mapema kanuni za wanafunzi kuhusu mavazi, ibada na maisha ya hosteli. Kanuni hizo huambatanishwa katika maelekezo ya kujiunga na kwa kawaida ndizo kurasa zinazorukwa. Kulalamika baada ya kusaini ni kuchelewa.

Kwa wasichana na wazazi wao, usalama si jambo la pembeni. Kipindi kikiisha saa moja na nusu usiku, njia ya kutoka ukumbini hadi chumbani ina taa? Mabweni yana walezi? Chuo kina dawati la jinsia linalofanya kazi, na wanafunzi wa mwaka wa pili wanajua lilipo? Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa zake. Chuo ambacho wanafunzi wake wanaweza kueleza bila kusita mahali pa kupeleka malalamiko ni tofauti na kile ambacho swali hilo hufuatwa na ukimya.

Mwenye ulemavu ana orodha yake, nayo itangulie nyingine zote. Asiyeona aulize kuhusu maandishi ya nukta nundu na programu za kompyuta za kusoma kwa sauti, na nani humsaidia katika mtihani. Kiziwi aulize idadi ya wakalimani wa lugha ya alama, si kama wapo tu. Anayetumia kiti cha magurudumu ajue kwamba baadhi ya maeneo ya vyuo yamejengwa juu ya vilima na majengo yake yametawanyika, hivyo umbali kati ya bweni na darasa ni sehemu ya masomo yake. Maswali hayo yakijibiwa kwa "usiwe na wasiwasi", bado hayajajibiwa.

Namna ya kupata majibu

Barua ya chuo haisemi mengi ya hayo. Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia yanayoandaliwa na TCU katika viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam hukutanisha vyuo vingi mahali pamoja, na anayeweza kufika anaweza kuuliza swali lilelile kwenye mabanda mawili na kulinganisha majibu. Wasioweza kufika wana njia nyingine isiyo na gharama: wanafunzi waliotoka shule yao ya sekondari wakatangulia katika vyuo hivyo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili atasema bei ya sahani ya wali maharage, chumba kilipo, na kama maji yalitoka wiki iliyopita. Aulizwe mmoja anayekipenda chuo chake na mmoja anayekilalamikia.

Kwa vijana, shinikizo kubwa hutoka kwa marafiki. Kwenda chuo kimoja na mtu aliyesoma naye si sababu mbaya. Rafiki wa zamani katika wiki ya kwanza ni msaada mkubwa, hasa anapopatikana wa kushirikiana naye kodi ya chumba. Lakini marafiki hao watasoma fani tofauti, wengine watahama, na urafiki wa Kidato cha Sita mara nyingi hupungua kabla ya muhula wa pili. Usiwe ndio sababu pekee.

Kuhama chuo baada ya kuanza kunawezekana. TCU huweka kipindi cha uhamisho kila mwaka, na maombi hupitia vyuoni kwa masharti: sifa za kuingia katika programu mpya, nafasi kuwapo, na ridhaa ya pande zote mbili. Mwenye mkopo hutakiwa pia kufuatilia HESLB ili mkopo wake uhamie anakokwenda. Wakati hayo yakishughulikiwa, mwanafunzi hukaa wiki kadhaa akiwa hana hakika ya chumba, ada aliyolipa wala fedha za kujikimu. Uhamisho ni tiba ya dharura, na si vizuri kuingia chuoni ukiutegemea.

Kuhusu uthibitisho wenyewe, namba ya siri hutumwa kwa simu au barua pepe iliyotumika wakati wa kuomba. Hapo ndipo baadhi hukwama. Kijana aliyeombewa katika duka la huduma za intaneti kwa kutumia namba ya mwenye duka, au kwa laini ambayo sasa haipo hewani, anaweza kukosa ujumbe huo. Afike au apige simu katika ofisi ya udahili ya chuo anachokichagua kabla ya tarehe ya mwisho, akiwa na namba yake ya mtihani wa Kidato cha Sita. Namba hiyo ya siri asimpe mtu mwingine, akiwamo yule anayejitolea "kumsaidia" kwa malipo, kwa kuwa atakayeiingiza ndiye atakayemchagulia chuo.

Baba wa Songea na binti yake wana hadi usiku wa tarehe iliyotangazwa. Namba ikishaingizwa katika mfumo wa chuo kimoja, kile kingine huhesabu kiti chake kuwa wazi, na kiti hicho huingizwa katika awamu inayofuata kwa ajili ya mwombaji mwingine, ambaye pengine bado anasubiri ujumbe wake wa kwanza.